UZI: Vitu vilivyojaa ndani vingi vina wenyewe, ongea nao kabla hujanunua kabati

mama_uani:
Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Uzi ni mrefu kidogo mnivumilie, hili jambo nimekaa nalo moyoni siku nyingi.

Huwa nasaidia ndugu na majirani kupunguza vitu ndani, wengi ni watu wa kupanga hapa Dar, chumba na sebule, wengine wako kwenye nyumba za familia zenye stoo na banda la uani. Karibu wote ukifika wanakuonyesha ukuta ambao wanataka kuweka kabati jipya au wanakuuliza kama unamjua fundi wa mashelfu. Mimi nawaambia shikilia kwanza hela yako. Kabati ukiliingiza kwenye nyumba iliyojaa na lenyewe linajaa, na sakafu bado huioni. Tutoe vitu kwanza, vitakavyobaki ndo vitatuambia kama vinahitaji kabati.

Sasa tukianza kutoa ndo shida inajionyesha. Unavuta shangazi kaja uvunguni unauliza hii ya nani, unaambiwa ya mdogo wake mume wangu alikuja kusoma chuo akaondoka. Hilo godoro lililosimama nyuma ya mlango? La dada aliyehamia Mwanza, alisema atatuma gari. Hotipoti zilizopangana juu ya kabati la vyombo hazijawahi kuwekwa hata wali? Za kitchen party, nikitoa aliyenipa atajisikiaje. Cherehani ya marehemu mama, viti vya baba mkwe, jiko la mchina la mpangaji aliyehama bila kuaga. Yani ukipita kitu kwa kitu unakuta vingi vilivyobana nyumba ni vya watu wengine, au ni vyako lakini kuna mtu unamuogopa. Ndo maana zile mbinu za kwenye video, kishike kitu jiulize kama bado unakipenda, huku kwetu zinagoma. Begi la shemeji utajiuliza kama unalipenda kweli? Hapo dawa ni kuongea na mwenye begi.

Na anayepaswa kuongea ni mwenye undugu. Begi la shemeji apige simu mume, vitu vya upande wa mke apige mke, maana ukibadilisha tu hapo inageuka kesi, utaambiwa mke amekuja anafukuza ndugu. Piga picha kitu chenyewe, mtumie whatsapp, msalimie vizuri, mwambie tumekutunzia mpaka leo, sasa tunapanga nyumba, je tukutumie kwa basi au kuna ndugu hapa mjini aje achukue, na utaje tarehe. Tarehe ni muhimu mnoo. Ukimwambia "ukipata nafasi" hatapata nafasi mpaka watoto wako waoe. Watu wengi wakipigiwa wanashangaa, wengine walishasahau kama waliacha kitu, wanakwambia mpe dada wa kazi au uza. Na yule anayesema nitunzie, sawa, amana ni amana, lakini isiwe imetawanyika nyumba nzima: weka kwenye begi moja, andika jina lake na mwezi, ifungwe mbele ya mtu mwingine ili kesho usiambiwe kulikuwa na simu humo ndani.

Zawadi za harusi na kitchen party nina msimamo. Aliyekupa alitaka ukapikie watu na kupakulia watu, hakukupa uzipambe na vumbi. Mitaani kuna vikundi vya akina mama na jumuiya wanatunza sufuria, masinia na sahani za misiba na shughuli, siku zote vinapungua kwa sababu vinavunjika na kupotea. Peleka kule. Aliyekupa akija msibani akapakuliwa kwenye hotipoti yake hana cha kulalamika.

Karibuni, na wenye uzoefu tofauti waseme.

mzee_wa_stoo:
Binti nimekusoma, marahaba. Mimi niko Morogoro na nina stoo imejaa, na sioni aibu. Sisi tumekulia wakati ambao ukitaka sabuni unapanga foleni, ukipata kopo tupu unaliosha unalitunza. Msumari uliopinda ulikuwa unanyooshwa na nyundo unatumika tena. Leo vijana mnatupa kitu halafu wiki ijayo unamkuta dukani ananunua kilekile. Mtu asiye na hela kitu chake ndo benki yake. Mabati yangu mabovu nimejengea banda la kuku, mbao za kitanda kilichovunjika nimetengenezea benchi. Msije mkawafundisha watu kutupa.

mama_uani:
Mzee wangu shikamoo tena, na hapo kwenye benki nakubaliana na wewe moja kwa moja. Mtu anayeishi kwa mgao wa maji huwezi kumwambia apunguze madumu, siku mbili bomba likikauka atapika na nini. Kwaiyo nyumba yenye madumu kumi ya lita 20 yanayotumika kwangu mimi iko safi kabisa. Bati lililojenga banda limeshafanya kazi yake, mbao zimeshakuwa benchi.

Ninachokipigia kelele ni kile kilichokaa uani kinasubiri. Ndoo ya rangi iliyopasuka, tairi, beseni bila mdomo, sufuria iliyotoboka, kopo. Mvua inanyesha, maji yanatuama. Wote wa Dar tunakumbuka dengue ya 2014 na ile ya 2019, mbu wake wanazaliana humohumo kwenye makopo na matairi yetu, hawahitaji bwawa wala mtaro, na wanang'ata mchana, chandarua cha usiku hakikuokoi. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba yule mbu anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yale mayai yanaweza kukaa makavu miezi yakisubiri mvua. Hivyo kumwaga maji peke yake haitoshi, chombo kisuguliwe ndani kwa brashi, kigeuzwe kifudifudi au kipelekwe chini ya paa. Na madumu yenyewe ya kutunzia maji yawe na vifuniko. Mzee kama stoo yako ina paa na kila kitu unajua kiko wapi mimi sina neno na wewe, wenye tabu ni wale wanaonunua nyundo mpya kwa sababu ile ya zamani hawaijui iko chini ya nini.

Nyali_binti:
Hamjambo nyote, mimi niko Mombasa. Swali langu ni nguo za mtoto. Nina mtoto wa kwanza ashakuwa mkubwa na nguo zake zote za uchanga nimeweka kwa masanduku maana in sha Allah tunataka mwengine. Nimezitilia zile dawa nyeupe za vidonge ndio zisiliwe na wadudu. Masanduku yajaza chumba kizima. Nibakishe gani nitoe gani? Na mifuko nayo, tangu wapige marufuku ile ya plastiki huku mwaka 2017 kila ukienda sokoni waja na mfuko mpya wa kitambaa, jikoni nina mfuko mzima umejaa mifuko.

mama_uani:
Dada wa Mombasa karibu sana. Nianze na zile dawa nyeupe kwa sababu hilo ni zito kuliko nafasi. Vile vidonge vingi ni naftalini. Kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kinaitwa G6PD, sehemu zenye malaria kama pwani yetu ni jambo la kawaida na mara nyingi mzazi hajui. Mtoto mchanga wa hivyo akivalishwa nguo au akafunikwa blanketi iliyokaa na naftalini, chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, anapata manjano na upungufu wa damu, na inaweza kuwa hatari kweli. Kwaiyo nguo za mtoto zisikae na hiyo kitu kabisa. Hizo ulizonazo zitoe, zianike siku kadhaa kwenye hewa na jua, zifue, anika tena. Za kutunza zifue zikauke kabisaa, majani makavu ya mwarobaini kwenye kitambaa weka pembeni, funga kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko badala ya boksi. Mende wanapenda sana maboksi, wanajificha kwenye yale matundu na kutaga humo, na unyevu wa pwani unaleta ukungu.

Za kubakisha: mtoto mchanga anakua haraka mno, kinachochakaa ni kidogo. Bakisha zile ulizokuwa unazikimbilia kila siku, shuka, kofia, sweta zuri, chandarua chake. Zile za sherehe alizovaa mara moja toa, na toa kwa mtu mwenye mimba unayemjua, huyo anazitumia leo. Mifuko ya sokoni weka michache mlangoni na mmoja kwenye mkoba, huku kwetu marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019 na tukaingia mtego huohuo. Inayobaki mpelekee muuza mboga wako, atakushukuru.

mpambanaji_doha:
Salaam wanajukwaa. Naongea kama mtu wa upande wa pili, mimi ndo natuma. Niko Qatar, kila baada ya muda tunaungana watu wa Zanzibar na Dar tunajaza maboksi na mapipa yanapakiwa kwenye kontena. Mashuka, vyombo, nguo, viatu, majiko ya umeme. Mtu akituma anahisi yuko nyumbani kidogo. Nilipokwenda likizo nikakuta maboksi mengine hayajafunguliwa, yako sebuleni kwa mama yamefunikwa na kitambaa yamekuwa meza. Nikauliza wakasema tumekutunzia ukirudi. Mimi nilitaka wavae!! Ombi langu kwa mlioko nyumbani, kama kitu hakihitajiki semeni, hatutakasirika. Mtu wa ughaibuni anajinyima, nauli ya hilo boksi ingelipa ada.

mama_uani:
Kaka ahsante mnoo, hii natamani kila familia yenye mtu Uarabuni au Ulaya isome. Huku anayepokea anaogopa kusema inatosha asionekane hana shukrani. Mngekaa mkakubaliana tu, mama aseme nahitaji hiki na hiki, kama hahitaji kitu mtume hela. Na boksi likifika lifunguliwe wiki hiyohiyo, kila mtu akabidhiwe chake, picha zitumwe kwenye grupu. Jiko la umeme likikaa miaka kwenye boksi kwa unyevu huu siku ukilichomeka huna uhakika nalo.

geto_sinza:
Mi naomba msaada wa vitu vya umeme. Niko geto nimerithi kwa braza TV ya chogo, ving'amuzi vya aina tatu, droo imejaa chaja, simu mbovu, rimoti, nyaya sijui za nini. Kila nikitaka kutupa naona kama ni hela natupa.

mama_uani:
Mdogo wangu hiyo droo iko kila nyumba. Historia yake yote ipo humo: tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya TV ya analojia yakazimwa Dar tukakimbilia ving'amuzi, kila kampuni na chake, Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikazima simu feki zikaingia droo, halafu kila simu mpya na tundu lake la chaja.

Fanya hivi. Chukua siku moja, kila chaja ijaribu kwenye kitu chake. Inayowasha kitu unachokitumia, ifunge kwa raba uandike jina lake kwa kalamu. Waya usiojua ni wa nini utoke, mafundi simu na redio wanazipokea, wanazitoa vipuri. Simu nzima kabla haijatoka toa laini na memori kadi, kama inawaka futa akaunti zako zote kwanza ndo uirudishe ilivyotoka kiwandani, picha na ujumbe wa M-Pesa wa mtu ni siri yake. Betri iliyovimba usiitoboe, usiirundike na nyingine, usiiache karibu na godoro, ikishika moto haizimiki kirahisi. Peleka kwa fundi.

TV ya chogo, naomba sana usiitupe jalalani wala usimpe mtoto aichezee. Kile kioo chake kina madini ya risasi ndani, na wanaookota vyuma chakavu wanaipasua kutoa ile shaba ya nyuma, wanavuta vumbi lake na vipande vinabaki pale watoto wanapocheza. Pia usiifungue mwenyewe, inaweza kuhifadhi umeme hata ikiwa imechomolewa. Kama inawaka kuna mtu ataichukua, mlinzi, kibanda cha chipsi, wao wanaangalia mpira tu. Kama haiwaki mpe fundi wa TV ikiwa nzima nzima. Kwa braza mpigie, pengine yeye alishasahau.

chausiku_tanga:
Mimi nasoma huu uzi machozi yananilengalenga. Mama alifariki, chumba chake tumekifunga. Khanga zake zimejaa kabati, vyombo vyake, mikoba yake. Kaka zangu wanasema tukodishe nyumba, mimi siwezi hata kuingia. Mnaanzaje?

mama_uani:
Pole sana mdogo wangu, Mungu amlaze mama mahali pema. Hapa naomba nikujibu taratibu, na kama mtaamua kusubiri subirini, chumba hakiwadai kitu.

Kwanza kabisa, usigawe kitu peke yako hata kama ni kwa nia njema. Kama nyinyi ni waislamu unajua kwamba vya marehemu ni mirathi, ni haki ya warithi wote, mpaka kijiko, kwaiyo hata sadaka itolewe wote wakisharidhia. Na kama si waislamu bado kuna kikao cha familia na msimamizi wa mirathi anayethibitishwa na mahakama. Familia nyingi nimeziona zinagombania nyumba lakini ugomvi ulianzia kwenye khanga na sufuria, dada mkubwa alichukua bila kuuliza, mdogo akanyamaza, miaka inapita hawasalimiani.

Siku mkiingia muwe angalau wawili, na mmoja asiwe mtoto wake wa kumzaa, shangazi au rafiki yake mama, mtu ambaye mikono yake haitatetemeka. Anzeni na karatasi. Kila mkoba ufunguliwe mpaka mfuko wa zipu wa ndani, kila koti, Msahafu au Biblia, kopo la sukari, chini ya godoro, ndani ya foronya. Mama zetu wanaficha. Humo kuna karatasi ya mauziano ya kiwanja iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa, kitabu cha benki, daftari la kikoba lenye hisa zake, daftari la watu anaowadai na wanaomdai, na hilo la mwisho msilidharau, deni la marehemu linalipwa. Wekeni yote kwenye faili moja, pigeni picha, kila mtoto apate.

Khanga sasa. Hizi ndo zinaumiza. Khanga ni doti, vipande viwili jina moja. Kuna familia walikaa mkekani, watoto wa kike na wakwe, wakazigawa doti zile alizozipenda mama: kipande kimoja kwako, kingine kwa mdogo wako, jina lilelile. Kila mmoja ana ya kwake na kwa dada yake iko ya kufanana nayo. Nyingine zikaenda kwa wale waliomuuguza, kwa jirani aliyekuwa anamletea uji, kwa waosha maiti. Zile zilizochakaa ni laini, mwenye mtoto mchanga anazitamani. Hakuna hata moja iliyofika jalalani.

Ukishindwa siku hiyo funga mlango, rudi siku nyingine. Kaka zako waambie unataka tarehe ya wote kukutana, wao pia wana mama aliyekufa, inawezekana kukimbilia kukodisha ni namna yao ya kutoingia kile chumba.

Nyali_binti:
Dada Chausiku pole. Hilo la kutazama ndani ya mikoba ni kweli, huku kwetu tulipata noti za elfu za zamani ndani ya mto wa nyanya, na hizo zilikwisha kazi tarehe 30 Septemba 2019. Tazameni mapema.

mama_uani:
Na huku Tanzania Benki Kuu (BoT) nao wameziondoa noti za zamani, muda wa kuzibadilisha uliisha tarehe 5 Aprili 2025. Wenye wazee nyumbani waulizeni kwa heshima wakiwa hai, pamoja na dawa zao: vidonge vilivyopita muda vitoke, na mafuta ya taa au sabuni ya maji visikae kwenye chupa ya soda, mjukuu akija na kiu anakunywa.

geto_sinza:
Dada nimempigia braza sahivi. Kasema TV toa, ving'amuzi toa, ila lile godoro lake lililoko nyuma ya mlango niuze nimtumie nusu kwenye simu. Naliweka mtandaoni leo.

mama_uani:
Hongera. Kabla hujaliweka mtandaoni litoe nje mchana kweupe, kagua mishono yote na zile kona, na chini ya lebo. Ukiona vidoa vyeusi kama vya kalamu, magamba au vijimayai vyeupe, hao ni kunguni. Kulianika tu juani hakuwamalizi, wanahamia upande wa kivuli. Likiwa nao usiuze na usimpe mtu, mwambie braza ukweli kuhusu hiyo nusu yake, na kitanda kilichokuwa karibu nalo kifungue, mwagia maji yanayochemka kwenye maungio ya mbao kabla hujalala hapo tena.